Mji Uliohesabu Watu kwa Vibati

Riverside, Buffalo
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpendwa Mwikali,

Goti limekuaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za shule zimekushinda, na kwamba darasa la sita unalifundisha ukiwa umeketi, jambo ambalo wanafunzi wamelipokea kwa furaha kwa sababu kutoka kitini huwafikii masikio. Na Mama, macho yanaonaje tangu apasuliwe? Mvua imefika Makindu, au imepita juu kwa juu ikaenda kunyeshea watu wengine kama ilivyo desturi yake? Mimi mwili hauna neno. Barafu ya Mto Niagara imeyeyuka, nimevua koti zito, nakwenda kazini na kurudi. Ninachougua si cha daktari.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimefanya hivyo kwa sababu nakujua. Ningekuandikia kwa simu, maneno yangefika kwa shangazi kule Nairobi kabla wewe mwenyewe hujamaliza kuyasoma. Barua hii nimempa kiongozi wa kwaya yetu anayekuja nyumbani kwa likizo. Isome peke yako kwanza.

Inahusu ile video. Ile ambayo nimesimama katika ukumbi wa kanisa, kidole kimeelekea dari, nawahutubia Wazungu nao wameinamisha vichwa. Uliniambia umewaonyesha akina mama wa chama cha kanisa wakapiga vigelegele, na mmoja akasema kijana wetu amewapasulia ukweli usoni. Katika kundi la familia nikaitwa Simba wa Makindu. Nami, mtu wa miaka hamsini na mbili, nikajibu kwa kuweka picha za ngumi tatu. Kisha ukaniomba jambo jingine: nikuandikie historia ya mji ule, kwa kuwa ni mji wa reli kama wetu, wanafunzi wako walinganishe. Nitakupa historia hiyo, lakini siwezi kukupa bila kukueleza nilichofanya huko.

Jina la mji sitalitaja. Uko katikati ya Columbus na Buffalo, mahali ambapo ukipita kwa basi unaona matangi ya nafaka, kanisa, na stesheni ya matofali mekundu isiyosimamisha treni. Kabla ya reli ilikuwa ardhi ya wenyeji wa kwanza, wakasukumwa, na katika kitabu kidogo cha historia kilicho katika maktaba yao jambo hilo limepewa mistari miwili. Mistari miwili, Mwikali! Halafu kurasa kumi za rangi ya behewa la kwanza. Wapimaji walipachagua kwa sababu ileile iliyoleta reli Makindu: injini ya mvuke hunywa maji kama ngamia, na pale palikuwa na maji. Wakajenga tangi, kisha karakana ya kutengeneza injini. Waayalandi walichimba, Wajerumani wakafungua maduka, baadaye wakaja Wapolandi na Waitaliano. Watu weusi waliotoka Kusini walipewa kazi ya kulaza mataruma chini ya vyuma vya reli na wakaambiwa wajenge ng'ambo ya reli. Mji ukafurika. Kisha ikaja injini ya dizeli isiyohitaji maji, na mji mzima ukawa hauna sababu. Karakana ilifungwa. Vijana walikwenda Columbus na Buffalo, na wengine mpaka Louisville kule nilikosomea. Shule mbili zikawa moja, na moja ikabaki nusu. Wanaokuja sasa ni watu wetu, familia kutoka milima ya Kivu Kusini kule Kongo, kwa sababu kodi ya nyumba ya West Side hapa Buffalo imepanda, na kule kuna kiwanda cha milango kinachotafuta mikono.

Jambo moja la mji ule sikulijua, na ujinga huo ndio ulioniangusha. Zamani za karakana, kila mfanyakazi alikuwa na kibati cha shaba chenye jina lake. Kibati kilitundikwa ukutani pa stesheni alipokwenda kazini relini, kikaondolewa aliporudi. Tena hakukitundika mwenyewe. Ilikuwa sheria kitundikwe na mwenzake, ili awepo mtu mwingine anayejua kwamba fulani yuko kwenye reli na hajarudi. Karakana ilipokufa, wenyeji waliiendeleza desturi hiyo kwa watu wote. Kila mkazi ana kibati ukutani, mtoto akizaliwa jirani humtundikia, mtu akifa au akihama kinashushwa. Idadi ya watu wa mji ule haimo katika makaratasi ya serikali tu. Unaweza kusimama mbele ya ukuta ukaisoma, jina kwa jina. Anayetunza sanduku la vibati ni mzee mmoja aitwaye Walt, fundi wa mwisho wa karakana aliye hai.

Sasa sikiliza nilivyoingia.

Mchungaji wa kule alinipigia simu akiomba mkalimani. Familia ya Mama Esperance ilikuwa imehamia tangu majira ya baridi, na kanisa lilikuwa linawaandalia chakula cha kuwakaribisha. Mume wake anafanya kazi katika kile kiwanda. Walikuwa na watoto watano, mkubwa wao ni huyo Esperance, msichana wa miaka kumi na minne, na Mama alikuwa mjamzito. Nikaenda. Kazi ya ukalimani nilijifunza Columbus, kwa mama mmoja Msomali aliyefanya kazi hiyo hospitalini, na siku ya kwanza aliniambia, "Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Usiongeze, usipunguze, usipambe. Wewe ni bomba, mwalimu, na bomba halina maoni." Nilicheka. Unajua nilivyo. Louisville niligombana na maprofesa wawili na mkuu wa maktaba. Nimesoma vitabu vingi kuliko watu wengi ninaowajua, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta mtu wa kumpiga navyo.

Tulikula vizuri. Viazi, kuku, na keki iliyoandikwa karibu kwa Kiswahili, na ilikuwa imeandikwa sawasawa. Baada ya keki, Mzee Walt akasimama. Mrefu, mabega yameanguka, mkononi ana daftari. Akaja mpaka meza yetu, akaonyesha watoto kwa kalamu, akauliza: Mko wangapi nyumbani, na mnaitwa nani?

Mama Esperance alinigusa kiwiko. "Bon, ule muzee anauliza nini?"

"Anauliza mko wangapi."

Uso wake ukafunguka. Akajiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayepigwa picha. "Mwambie tuko saba," akasema, "na mumoja eko njiani. Mwambie na majina. Anza na ya baba."

Hayo ndiyo maneno niliyopewa. Sentensi tatu fupi, na nilizisikia kwa masikio yangu haya. Sikuzitafsiri.

Nilisimama. Mzungu, daftari, kalamu, na watoto weusi wanaohesabiwa. Vitabu vyote nilivyosoma vikainuka kwa pamoja kichwani. Nikasema, kwa Kiingereza changu kile cha majukwaani, kwamba watu hawa wamehesabiwa kambini kama magunia, na babu zao walihesabiwa kama mbao. Nikasema kwetu binadamu hahesabiwi. Nikamtaja Nyanya, Mwikali, nikasema alitukataza kuhesabu watoto wa mtu kwa kuwa kuhesabu ni kuita kifo. Nikasema mji wenu unakufa na mnataka kutujumlisha ili hesabu yenu ipendeze. Nikaenda mpaka kwenye ukuta wa stesheni, kwa sababu picha zake nilikuwa nimeziona katika kile kitabu, nikidhani ni kumbukumbu ya karakana tu: picha za zamani ambamo hamna hata jina moja la waliokaa ng'ambo ya reli. "Mlipotakiwa kutuhesabu hamkutuhesabu," nikasema, "na leo msituhesabu."

Esperance alinivuta shati. Anajua Kiingereza kuliko mimi, kwa lafudhi ya kwao. Alininong'oneza kwamba sicho Mama alichosema. Nikamwambia, "Watoto hunyamaza wakubwa wakizungumza."

Nikaendelea kuhutubu, na ndipo dada mmoja wa meza ya pili alipoanza kupiga video. Na mlioiona mlianza kuniona kuanzia hapo.

Mzee Walt alifunga daftari. Akasema anaomba radhi, hakukusudia ubaya, akarudi kuketi. Kisha, niamini, watu walipiga makofi. Wengine walilia. Niliketi tena nikiwa nimelewa utamu wa makofi.

"Banasema nini?" Mama Esperance akaniuliza.

"Wameomba radhi, mama."

"Radhi ya nini?"

"Ni historia ndefu."

"Na majina yetu, ameandika?"

Nikamwambia, "Hayo yatakuja." Nikala keki ya pili.

Wiki sita baadaye Mama Esperance akanipigia simu. Hakuanza na salamu, na wewe unajua watu wa Kivu wanavyosalimia, salamu peke yake ni safari. Alisema, "Kaka, nataka kujua kitu umesemaka siku ile. Esperance ameniambia, lakini mutoto anaweza kosea. Sema weye."

Nilianza kumweleza mambo ya makambi na heshima ya binadamu. Akanikata.

"Donc, kumbe mutoto hakukosea."

Kisha akanieleza. Tangu siku ile ya chakula hakuna mtu aliyewakaribia. Si kwa chuki, hapana, afadhali ingekuwa chuki, kwa chuki ningejua la kuandika. Ilikuwa ni woga. Jirani mmoja aliyekuwa akiwaletea mkate wa ndizi kila Jumamosi aliacha. Watu walimpungia mkono kwa mbali kama mtu aliyefiwa. Hakuna aliyemuuliza jina la mtoto hata mmoja, maana walikuwa wameambiwa kwamba kuuliza ni tusi. Alijifungua msichana. Katika mji ule mtoto akizaliwa majirani hubisha na kibati, na yeye tayari alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo likifanywa kwa nyumba ya pili, na akalitamani. Aliketi sebuleni siku nane na nguo yake nzuri. Hakubisha mtu.

"Kule kambini banatuhesabu juu ya unga," akasema. "Miaka kumi na tatu. Ukikosa siku moja kwenye mustari, haupo. Hapa nilitaka banihesabu juu ya mimi tu. Weye ukasema hatutaki."

Nikasema, "Mama, kwetu kuhesabu watu..."

"Hiyo ni ya bibi yako. Mimi sikukuambia hiyo." Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Nilikupa kinywa yangu, ukasema yako. Sasa mimi narudi Buffalo na watoto. Baba Esperance atabaki juu ya kazi. Tumekaa pamoja mwaka moja tu tangu tukutane tena, na sasa tunaachana kwa sababu ya discours."

Alitumia neno lao la Kifaransa la hotuba. Nimeitwa majina mengi katika mabishano, Mwikali, na yote niliyajibu. Hilo sikulijibu.

Nilimwomba asubiri mpaka Jumamosi. Nikaendesha gari kwa saa tatu, na njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba ya kuomba msamaha. Ndiyo. Hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Nilipofika, Mama Esperance alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, Esperance pembeni. Akaniambia tunakwenda kwa Mzee Walt.

"Leo utasema yangu tu," akasema. "Huyu," akamwonyesha binti yake, "atasikiliza. Ukiongeza neno, atakohoa."

Mzee Walt alitupokea jikoni. Mke wake alitoa kahawa na akabaki amesimama karibu na jiko. Mama Esperance hakugusa kikombe. Alimtazama mzee, si mimi, akaanza, nami nikaanza nyuma yake, kwa "mimi" kama nilivyofundishwa:

"Mimi ni mama wa watoto sita. Mtu huyu anayesema si mume wangu, si kaka yangu, si mchungaji wangu. Siku ile ulipouliza, nilijibu. Yeye hakukupa jibu langu. Alikupa lake, kwa sababu anapenda kusikika. Nimekuja kukupa langu."

Dada, jaribu wewe kusema maneno hayo juu yako mwenyewe, kwa sauti yako, kwa lugha unayojivunia, bila kikohozi. Nilipofika kwenye "anapenda kusikika" nilitafuta neno laini zaidi. Lipo, Kiingereza kina maneno laini mengi. Esperance akavuta pumzi tayari kukohoa. Nikasema neno lenyewe.

Mzee Walt alizungusha kikombe chake kwa muda. Kisha akasema, nami nikatafsiri: "Aliyosema huyu bwana kuhusu ukuta ni kweli. Baba yangu alikuwa msimamizi wa karakana, na sanduku la vibati lilikuwa lake. Watu wa ng'ambo ya reli hakuwapa. Ndiyo maana mimi huenda kuuliza mwenyewe, kila nyumba mpya. Aliponisema hadharani nikaona labda nimechelewa, na sina haki ya kuuliza tena."

Unaona? Niliyoyasema kuhusu ukuta yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo linalonila. Ningekuwa nimedanganya kuhusu historia ningeomba radhi nikalala. Lakini nilichukua ukweli nikampiga nao mtu mmoja mjini aliyekuwa ameanza kuulipa. Nikaliita jambo hilo ujasiri. Na mwenye haki ya kusema alikuwa amekaa kando yangu akisubiri majina yake yaandikwe.

Mzee alifungua daftari. Mama Esperance akataja: la mume, lake, Esperance, wavulana watatu, msichana mdogo, mchanga. Nane. Nikayatamka polepole, yeye akaandika herufi kwa herufi akiniuliza, nami nikawa namuuliza Mama. Kisha Mama akataja la tisa. Mvulana, aliyekufa wakiwa safarini, kabla ya kambi. Akauliza kama naye anaweza kupata kibati.

Mzee Walt aliweka kalamu chini. Mke wake akageukia dirisha. Mzee akasema hapana. Vibati ni vya walio hai wanaoishi mjini. Hata cha mwanawe mwenyewe alikishusha kwa mkono wake.

Mwikali, hotuba ilinipanda mpaka kwenye meno. Nilikuwa na kila kitu: mpaka, serikali, mtoto asiye na kaburi, ukuta, baba yake mwenye sanduku. Ningeigeuza ile hapana ndani ya dakika mbili. Niliitafsiri kama ilivyo. Hapana. Ni vya walio hai. Hata cha mwanangu nilikishusha.

Mama Esperance alimtazama yule mzee kwa muda mrefu. "Mutoto wako alikuwa na miaka ngapi?" akauliza.

Nikauliza. Mzee akajibu. Mama akatikisa kichwa taratibu, kisha akachukua kikombe cha kahawa. "Bon," akasema. "Ni sheria ya kwao. Batu banane, ni sawa."

Kutundika kulipangwa Jumapili iliyofuata. Tukiwa tunatoka nikasema nitakuja mapema, nitasaidia kutafsiri. Mama Esperance alikuwa akimfunga mtoto upya mgongoni. "Apana, kaka," akasema, kwa upole kabisa. "Weye kaa kwako. Esperance atasema." Kisha, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, akanifungia sambusa za njiani.

Sikuhudhuria. Jumapili jioni Esperance alinitumia ujumbe mfupi kwa Kiingereza: vyote vimetundikwa, majirani wanane, tunabaki. Nilimwandikia jibu refu. Nililisoma, nikalifuta lote, nikamtumia asante.

Sasa ombi langu. Usiniombee msamaha kwa mtu, na usiseme video ilikatwa vibaya, kwa maana haikukatwa vibaya. Wakutanishe wale akina mama wa chama siku ya mkutano wao, uwaambie kwa maneno yako kwamba mwanamke aliyekuwa ameketi kando yangu, yule mwenye kitambaa cha njano ambaye katika video mnamwona akitabasamu na kuwatazama watu, alikuwa akisubiri nitaje majina ya watoto wake. Waambie alitabasamu kwa sababu alidhani nayataja. Kama wanataka kuitazama tena, wamtazame yeye.

Msalimie Mama, na umsomee sehemu ya historia ya mji tu. Ile nyingine nitamwambia mimi mwenyewe nikija. Shemeji Kioko mwambie nimemtafutia kinga ya uso ya kurinia asali, itakuja na mzigo wa Desemba. Mwanao Mutua, huyo mwanasheria mtarajiwa anayeniandikia kwamba anataka kubishana kama mjomba wake, mpe barua hii aisome baada yako. Shangazi wa Nairobi msalimie kwa mdomo, usimpe karatasi. Na Mzee Nzioka, jirani yetu aliyebadilisha njia za treni maisha yake yote, ambaye nilimwita mtumwa wa mkoloni mbele ya wageni siku ya mazishi ya Baba, mpelekee sukari na majani ya chai, umwambie zimetoka kwangu. Akiuliza ni za nini, mwambie ukweli: kwamba nimechelewa miaka tisa, na kwamba sina la kuongeza.

Ni mimi mdogo wako,
Musyoka